Nani Aseme Basi?

Kuna maneno mawili ambayo sisi tunaojifunza Kiswahili hapa Uganda huyachanganya mara kwa mara: bei na gharama. Bei hutajwa na muuzaji. Gharama huijua mnunuzi, na aghalabu huijua baadaye, akiwa ameshafika nyumbani. Mwalimu wetu alitueleza kwamba neno gharama limetoka katika Kiarabu, na kwamba huko lina maana ya faini, kitu unachotozwa bila kupenda. Tangu siku ile sijaweza kulisikia neno hili bila kumfikiria dada yangu mkubwa, aliyekwenda India kutafuta mtoto.

Swali la insha hii ni hili: mtu anapokwenda nchi ya nje kutibiwa ugumba, ni nani hasa anayelipa, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba sasa imetosha? Najua kuna swali jingine ambalo watu hulipenda zaidi, kama ni halali au si halali kutunga mimba katika maabara. Mapadri na masheikh wana majibu yao na sitaki kuwaingilia. Dada ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, kwa hiyo atabaki kuwa dada tu.

Utaalamu wenyewe si mgeni. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo la mama, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa namna hiyo mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Wala shida ya kukosa mtoto si ya watu wachache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana nayo katika maisha yake, na tofauti kati ya nchi tajiri na nchi maskini ilikuwa ndogo sana. Tofauti kubwa iko mfukoni. Nchi yetu haina bima ya afya ya taifa, basi anayetaka matibabu haya huyalipia mwenyewe, shilingi kwa shilingi.

Hospitali waliyoichagua iko katika mji wa Chennai. Iliwatumia karatasi moja yenye bei moja: dola 4,200 kwa mzunguko mmoja. Mzunguko ni kazi nzima tangu mwanzo. Mwanamke hudungwa sindano kila siku kwa siku kumi hivi ili mayai mengi yakomae pamoja. Mayai hutolewa na kukutanishwa na mbegu za mume katika maabara. Baada ya siku tatu au tano kiinitete hurudishwa katika mji wa mimba. Kisha watu hungoja wiki mbili. Ile 4,200 haikuwa na dawa ndani yake. Shemeji yangu ni seremala na ni mtu wa vipimo, akayaandika yote katika daftari lake la kazi: dawa dola 1,000, tikiti mbili za ndege kutoka Entebbe 1,700, chumba cha kupanga karibu na hospitali kwa usiku 35, dola 770, chakula na usafiri 600, viza ya matibabu ya dada, viza ya msindikizaji, vipimo, na chanjo ya homa ya manjano ambayo India huidai kwa wasafiri kutoka kwetu, 400. Jumla dola 8,670, zaidi ya shilingi milioni 32 za Uganda. Dada ni mwalimu wa shule ya msingi na mshahara wake haufiki laki tano na nusu kwa mwezi. Akiuweka wote bila kununua hata sabuni, atahitaji karibu miaka mitano. Karakana ya shemeji ilifungwa kwa wiki tano. Hilo hakuliandika.

Kitabu kidogo cha hospitali kilisema kwamba wagonjwa 70 kati ya 100 hufanikiwa. Nilimwuliza dada: hufanikiwa nini? Hakujua, wala kitabu hakikusema. Inaweza kuwa ni waliopimwa mkojo wakaonekana wana mimba, na mimba nyingi changa za namna hii hupotea. Inaweza kuwa ni wanawake wenye umri mdogo peke yao. Nchini Uingereza, ambako sheria huzilazimisha kliniki kutoa taarifa zao, takwimu za mwaka 2019 zilionyesha kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35, kila viinitete vitatu vilivyopandikizwa vilileta takriban mtoto mmoja. Baada ya miaka 40 nafasi hiyo huporomoka. Dada alikuwa na miaka 36. Sisemi asingekwenda kama angeyajua haya. Nasema mtu anayeuza mahindi sokoni huulizwa debe lake lina ujazo gani, na anayeuza matumaini naye aulizwe vivyo hivyo.

Lakini gharama ilianza kabla ya Chennai. Kwa miaka sita dada alikunywa mizizi, akasafishwa kizazi mara mbili katika zahanati mbili tofauti, akafunga na kuomba, akapelekwa kwa mganga mmoja ng'ambo ya ziwa ambaye alitaka mbuzi. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyempima mumewe. Kipimo cha mbegu za kiume kilikuwapo mjini Masaka, saa moja kwa basi, kwa pesa isiyofika laki moja. Walikifanya kwa mara ya kwanza India, kwa sababu hospitali ilikataa kuanza bila hicho, na tatizo likaonekana palepale: mbegu zilikuwa chache na dhaifu. Madaktari wanasema kwamba karibu nusu ya ugumba wote una sehemu ya mwanamume ndani yake. Shemeji hana kosa, hakuna aliyemwambia apimwe. Hata hivyo naitazama lugha tunayoitumia. Mgumba anaweza kuwa mume au mke, lakini mdomoni mwa watu neno linalotoka kwanza ni tasa, na tasa humwangukia mwanamke. Neno hilo lilimlipisha dada miaka sita ya mwili wake kabla ya kulipa dola hata moja.

Mtu atauliza kwa nini hawakutibiwa Kampala. Kliniki moja ya huko iliwatajia shilingi milioni 19, bila ndege na bila kupanga chumba. Mimi pia niliuliza. Dada alisema kwamba kila mtu mtaani anajua jengo lile ni la kazi gani, na mwanamke akionekana anatoka pale, habari hufika Masaka kabla yake. India ni mbali, hakuna anayemjua. Kwa hiyo zile milioni 13 za ziada zilikuwa bei ya siri.

Hapo ndipo mambo yalipojipinga. Ili kuinunua siri, walihitaji pesa ambazo hawakuwa nazo. Walikuwa na akiba kidogo, wakachukua mkopo wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, na bado pengo lilikuwa kubwa. Ikabidi kuomba ukoo. Watu wakachanga, kila mmoja kwa uwezo wake, mwingine elfu kumi na mwingine laki tano, na kwa kuchanga wakajua. Siri iliyonunuliwa kwa mamilioni ikawa imetangazwa kwa watu 60 ili pesa zake zipatikane. Aliporudi, watu wale 60 walitaka habari. Mama mmoja wa kanisani aliyetoa elfu ishirini alimsimamisha dada njiani akamshika tumbo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetoa kitu na sasa anaangalia kimefika wapi.

Nadhani hapa kuna jambo la maadili ambalo halizungumzwi. Sisi Waafrika hujisifu, na kwa haki, kwamba mzigo wa mmoja ni wa wote. Tunachangia harusi, tunachangia mazishi. Lakini harusi ina siku yake na mazishi yana siku yake. Mchango unaliwa, watu wanatawanyika. Mchango wa mimba hauna siku. Kila aliyetoa anakuwa mwanahisa katika tumbo la mtu, naye haambiwi hisa zake zinakwisha lini. Mchango wa namna hii unapaswa kuwa zawadi hasa, yaani mtoaji anapoutoa, aitoe pia haki yake ya kuuliza. Asiyeweza hivyo, ni afadhali abaki na elfu ishirini zake.

Wapo wanaosema matatizo haya yote yangeepukwa kama dada angelea yatima. Wanasema kwa nia njema na kwa sauti ya hekima. Mimi hoja hii hunikera kidogo. Jirani yetu ana watoto sita na mwaka jana alimpata wa saba. Hakuna aliyemwuliza kwa nini hakumchukua yatima badala yake. Kama kulea yatima ni wajibu, ni wajibu wa kila mwenye nyumba na chakula. Hauwezi kuwa wajibu wa wale tu ambao miili yao imewanyima. Tena kwetu Buganda watoto wamekuwa wakilelewa na shangazi na nyanya siku zote, na dada mwenyewe amemlea mdogo wetu wa mwisho tangu baba alipofariki. Hajashindwa kupenda mtoto wa mtu mwingine. Anataka wa kwake pia, kama mama yangu alivyotaka, bila kutakiwa kueleza kwa nini.

Safari ya kwanza haikuleta mtoto. Vilipatikana viinitete vitano. Daktari alishauri kupandikiza kimoja, maana mapacha mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati, wakiwa wadogo, na kumtunza mtoto njiti kwa wiki nyingi ni gharama nyingine inayoweza kuizidi ya kwanza. Dada aliomba viwili. Msomaji asiye Mganda hataelewa mara moja. Kwetu mama wa mapacha huitwa Nnalongo, ni cheo, watu humpisha njia. Na mwanamke aliyeitwa tasa miaka sita anapoambiwa kwamba anaweza kurudi nyumbani akiwa Nnalongo, hesabu za daktari huwa na sauti ndogo. Vikapandikizwa viwili. Havikushika. Vitatu vilivyobaki viligandishwa, na viko Chennai hadi leo, kwa ada ya dola 300 kila mwaka. Sheria ya India ya mwaka 2021 inaruhusu kuvihifadhi hadi miaka 10.

Dada huviita "wale watatu". Hasemi viinitete. Ada inapokaribia, huanza kuhangaika kama mzazi anayetafuta karo. Hospitali haikumdanganya katika hili. Karatasi ya kugandisha ilikuwapo naye aliisaini. Lakini aliisaini siku moja na karatasi nyingine tisa, akiwa bado na usingizi wa dawa. Mtu anayerudi kutoka nje mikono mitupu kwa kawaida angeweza kulia, kunyamaza, kisha kuanza maisha mengine. Atawezaje ikiwa anaamini kwamba watatu wake wamelala katika chombo cha baridi ng'ambo ya bahari, na kwamba kilichokosekana ni pesa tu? Hii ndiyo gharama ambayo naiona kubwa kuliko zote. Matibabu haya, yakilipiwa namna hii, humnyang'anya mtu uwezo wa kusema basi. Kila hatua imegharimu mno kuachwa: nimeshauza ng'ombe, niache sasa? Nimesharuka bahari, niache sasa?

Katika nchi ambako serikali hulipa, mtu mwingine huusema mpaka mapema. Uingereza, mwongozo wa kitaifa unapendekeza mizunguko mitatu kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40, ingawa maeneo mengi hutoa mmoja tu, na watu hulalamika. Israeli hulipia hadi watoto wawili, na kwa mwanamke mwenyewe hadi afikishe miaka 45. Unaweza kuipinga mipaka hiyo, kusema ni ya ubahili au ya ukarimu kupita kiasi. Ila ipo, imeandikwa kabla ya machozi kuanza. Kwa dada mpaka ulikuwa mmoja, mwisho wa pesa za ukoo, na pesa za ukoo huwa na kitu kimoja zaidi cha kuuza.

Kitu hicho ni kibanja. Baba alituachia shamba dogo la kahawa na ndizi. Mwaka jana shemeji alileta ombi kwamba sehemu ya chini iuzwe ili warudi Chennai. Tulikaa kikao: mama, baba mdogo, shangazi ambaye kwetu huitwa ssenga na ndiye mwenye neno katika mambo ya ndoa, dada na mumewe, na mimi, niliyeitwa kwa sababu nasoma chuo kikuu na inadhaniwa nina majibu. Ssenga alisema maneno yaliyotunyamazisha wote: "Ardhi hii mnaitunzia nani, kama hakuna wa kuirithi?" Marehemu John Mbiti, aliyefundisha Makerere na kuandika juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, aliieleza vizuri imani iliyo nyuma ya swali hilo: kwamba mtu hukamilika kwa kuoa na kuzaa, na anayekufa bila mtoto hukatika kutoka kwa walio mbele na walio nyuma yake. Sikubaliani na sehemu ya mwisho, lakini nilimwona ssenga anaisema kwa upendo.

Jibu langu lilikuwa kwamba warithi wapo. Mdogo wetu yuko kidato cha nne katika shule ya bweni, na karo yake hutoka katika mibuni ya sehemu ile ya chini. Mtoto ambaye bado hayupo hawezi kumdai chochote mtoto aliyepo. Baba mdogo alitikisa kichwa kukubali, nami nikadhani hoja imekwisha. Dada ndiye aliyenijibu, taratibu: "Anayedai ni mimi. Mimi nipo." Na ni kweli. Hamu yake haikuwa kitu cha kubuni ili kutetea mtoto wa kufikirika; ilikuwa haja ya mtu mzima aliyeketi mbele yetu, aliyetulea. Nililazimika kulipanga upya swali langu. Haikuwa tena nani ana haki zaidi kati ya aliyepo na asiyekuwapo. Ilikuwa: kati yetu tuliopo, nani ataguswa, na je, ameulizwa? Nikaomba mdogo wetu aitwe. Baba mdogo alisema mtoto haitwi katika kikao cha ardhi. Ssenga, kwa mshangao wangu, alisema aitwe.

Tulimweleza bila kuficha. Tulimwambia kwamba ikiwa mibuni itatoka mikononi mwetu, atahamia shule ya kutwa iliyo kilomita sita kutoka nyumbani. Tulimwambia pia kwamba akikataa hakuna atakayemchukia. Alifikiri kidogo akasema atatembea. Halafu akamwuliza dada swali ambalo sisi wakubwa hatukuwa tumethubutu: "Na wale watatu wakikataa, tutauza nini tena?"

Dada alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akayasema masharti yake mwenyewe, na nafurahi kwamba yalitoka kwake, si kwa baba mdogo wala kwangu mimi wa chuo kikuu. Kibanja kisiuzwe, mibuni ikodishwe kwa misimu mitatu. Pesa hizo ziwatoshe kurudi mara moja, kwa wiki tatu, maana kupandikiza kilichogandishwa ni kazi fupi na bei yake ni ndogo kuliko ya mzunguko mzima. Hatadungwa tena sindano za mayai. Wale watatu wakiisha, wameisha, na kama atabaki yeyote ambaye daktari hataki kumpandikiza, ataandika barua mwenyewe ya kuikomesha ada. Shemeji aliuliza kama atayasema hayo hayo akiwa kule. Dada alimwomba ayaandike katika daftari lake la vipimo, na wote wawili wakatia sahihi chini.

Siandiki haya kama kanuni ya kila familia. Mwingine angeuza shamba zima na sijui kama ningekuwa na haki ya kumzuia, ikiwa shamba ni lake peke yake. Mwingine angeacha hapo hapo. Ninachoshikilia ni kwamba mpaka uwekwe nyumbani, kabla ya ndege, na yule ambaye mwili wake ndio utakaodungwa, mbele ya wale ambao karo na mashamba yao yatalipa. Kule hospitalini, mtu akiwa amelala na daktari mwema akimwambia tujaribu mara moja tu tena, si mahali pa kuupangia.

Wanaondoka mwezi wa nane. Mkopo wa walimu bado una miezi kumi na minne. Mdogo wetu ameshapimiwa viatu. Ssenga, ambaye siku zote hutaka kujua kila kitu cha kila mtu, ameongeza sharti moja juu ya yale ya dada, naye amelipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba kwa wote waliochanga safari ya kwanza: zile wiki mbili za kungoja, na siku ya majibu, hakuna anayeruhusiwa kupiga simu Chennai isipokuwa mama.